Makro ya Excel: uchague seli kwanza, uitaje moja kwa moja, au uzibebe data zote kwenye arei?

Ukibonyeza Record Macro kwenye Excel, ukafanya kazi yako kama kawaida, kisha ukafungua msimbo ulioandikwa, utakuta neno Select limetapakaa kila mahali. Rekoda haina kosa. Imeandika ulichofanya: ulibofya shiti, ukabofya seli, ukanakili. Taabu huja pale makro hiyo, yaani msimbo huo wa kurudia kazi, inapotakiwa kufanya kazi mwezi ujao, kwenye kompyuta ya mwenzako, na yeye amefungua mafaili mengine matatu. Ukiomba ushauri, mmoja atakuambia ufute Select zote, mwingine atakuambia uhamie kwenye arei (jedwali la thamani linaloshikwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta), na wewe unayo makro inayofanya kazi na ripoti inayosubiriwa.

Njia za kulinganisha ni tatu. Ya kwanza ni ya rekoda: unachagua kitu, kisha unakiamuru. Ya pili ni kuitaja seli kwa anwani yake kamili, bila kuigusa wala kuhama shiti. Ya tatu ni kuzibeba data zote kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kuzifanyia kazi huko, na kuzirudisha kwa mkupuo mmoja.

Mfano nitakaoutumia kote ni faili la SACCO ndogo. Shiti ya Michango ina safu nne: A ni namba ya mwanachama, B jina, C kiasi anachotakiwa kulipa, D alicholipa. Shiti ya Muhtasari ndiyo anayopelekewa mwenyekiti.

Vigezo

Naangalia mambo manne: uimara, yaani kama makro itafanya kitu kile kile bila kujali nani ameifungua na amesimama wapi, kasi, urahisi wa kusoma na kurekebisha baada ya miezi, na jasho la kuanza, maana si kila mhasibu ana wiki ya kujifunza VBA, lugha ya kuandikia makro za Excel.

Mambo haya hayana uzito sawa. Makro ya polepole inaudhi tu. Makro inayoandika kwenye shiti isiyo yake inaharibu hesabu za watu, na zaidi ya hapo, makro ikishabadilisha shiti, Ctrl+Z haitakurudisha ulikotoka. Kwa hiyo uimara naupa nafasi ya kwanza, na sitajifanya sina upande katika hilo.

Njia ya kwanza: chagua, kisha amuru

```
Sheets("Michango").Select
Range("A2:D2").Select
Range(Selection, Selection.End(xlDown)).Select
Selection.Copy
Sheets("Muhtasari").Select
Range("A2").Select
ActiveSheet.Paste
```

*Uimara.* Hapa ndipo inapoyumba. Sheets("Michango") bila jina la faili maana yake ni shiti ya Michango katika faili lililo mbele wakati huo. Kama faili lililo mbele ni jingine lisilo na shiti hiyo, utapata kosa namba 9. Hiyo ndiyo bahati njema, kwa sababu makro imesimama. Bahati mbaya ni pale faili la mwezi uliopita nalo liko wazi na lina shiti yenye jina hilo hilo. Makro itakwenda kimya kimya mpaka mwisho, na utakuwa umeandika juu ya mwezi uliokwisha kufungwa.

Shiti iliyofichwa haichaguliki. Ukijaribu unapata kosa 1004. Kosa hilo hilo hutokea ukichagua seli ya shiti ambayo haiko mbele. Na kama kuna mtu aliyeweka msimbo kwenye tukio la Worksheet_SelectionChange, kila Select yako itauamsha, hata kama hukukusudia.

Mstari wa tatu wa mfano una mtego wake. End(xlDown) hushuka mpaka kwenye pengo la kwanza. Kama safu A ina seli moja tupu katikati, wanachama wote walio chini yake wameachwa nje ya ripoti. Kama kuna mwanachama mmoja tu, inateremka hadi mstari wa 1,048,576, ambao ndio wa mwisho wa shiti tangu Excel 2007. Kwa haki, mtego huu si wa Select yenyewe, maana unaweza kuuandika hata kwa njia ya pili. Ila rekoda hukuletea hivi ukitumia Ctrl+Shift+mshale, na wengi huuacha ulivyo.

*Kasi.* Skrini inarukaruka kila shiti inapobadilika, na kuchora skrini kunakula muda. Application.ScreenUpdating = False mwanzoni hupunguza sehemu kubwa ya adha hiyo. Kwa kazi ya hatua kumi au ishirini hutaona tofauti ya maana na njia nyingine. Ukiiweka Select ndani ya mzunguko, yaani amri zinazorudiwa mstari kwa mstari, wa maelfu ya mistari, utakwenda kunywa chai na kurudi.

*Kusoma na kurekebisha.* Mistari michache inasomeka vizuri, tena hata na mtu asiyejua VBA, kwa sababu inafuata mwendo wa mkono. Ikifika mistari mia, neno Selection linakuwa fumbo: ili ujue linamaanisha nini kwenye mstari wa 80, inabidi upande juu kutafuta ni kipi kilichaguliwa mara ya mwisho. Na ukiingiza hatua mpya katikati ikabadilisha uchaguzi, vyote vilivyo chini yake vinahamia mahali pasipo pake.

*Jasho la kuanza.* Hakuna. Hii ndiyo nguvu yake, na haistahili kudharauliwa. Watu wengi wasingewahi kuandika makro hata moja kama si rekoda.

*Inamfaa nani.* Anayefanya kazi ya mara moja huku ameiangalia skrini. Anayetaka kujua jina la amri fulani, kwa mfano amri ya kuweka mpaka chini ya seli: rekodi, soma, kopi mstari unaohitaji. Hata waandishi wazoefu wa makro hutumia rekoda kama kamusi. Inawafaa pia wanaotaka makro ifanye kazi popote mtumiaji aliposimama. Katika hali hiyo Selection si udhaifu, ndiyo kazi yenyewe: "geuza majina niliyoyachagua yawe ya herufi kubwa". Kinachotakiwa ni kuhakiki kwanza kwamba kilichochaguliwa ni seli na si chati:

```
If TypeName(Selection) <> "Range" Then Exit Sub
```

Njia ya pili: taja kitu kwa anwani yake

```
Dim wsM As Worksheet, wsH As Worksheet
Dim mwisho As Long
Set wsM = ThisWorkbook.Worksheets("Michango")
Set wsH = ThisWorkbook.Worksheets("Muhtasari")
With wsM
    mwisho = .Cells(.Rows.Count, "A").End(xlUp).Row
    If mwisho < 2 Then Exit Sub
    .Range("A2:D" & mwisho).Copy Destination:=wsH.Range("A2")
End With
```

*Uimara.* ThisWorkbook ni faili lenye makro yenyewe, hata kama mtumiaji amefungua mengine kumi mbele yake. Shiti ikiwa imefichwa, haidhuru. Mtumiaji akiwa amesimama kwenye Muhtasari, au Michango, au kwenye shiti ya mishahara, matokeo ni yale yale. Hesabu ya mstari wa mwisho inaanzia chini kabisa ikipanda juu, kwa hiyo mapengo ya katikati hayaikatizi. Ile If si pambo: bila hiyo, shiti isiyo na data itatoa anwani "A2:D1", Excel itaigeuza kuwa A1:D2, na utakuwa umenakili vichwa vya safu badala ya wanachama.

Njia hii nayo ina shimo lake, na karibu kila anayehama kutoka kwa rekoda hutumbukia humo. Tazama:

```
wsM.Range(Cells(2, 1), Cells(mwisho, 4)).Copy
```

Inaonekana imekamilika, lakini Cells zile mbili za ndani hazina mwenyewe. Katika moduli ya kawaida zinahesabiwa kuwa za shiti iliyo mbele, na kama iliyo mbele si Michango, kosa 1004 linakuja. Dawa ni wsM.Cells, au nukta tu mbele yake ukiwa ndani ya With. Ubaya wa kosa hili ni kwamba linajificha: unapojaribu makro ukiwa umesimama kwenye Michango kila kitu kinakwenda sawa, na linajitokeza siku mwenzako ameiendesha akiwa shiti nyingine. Kabla ya kumkabidhi mtu makro yoyote, iendeshe ukiwa umesimama kwenye shiti ambayo haihusiki nayo kabisa.

Jambo jingine ni mabaki. Kama mwezi uliopita ulikuwa na mistari 300 na mwezi huu 250, mistari 50 ya zamani itabaki chini ya mipya. Futa eneo la matokeo kwa ClearContents kabla ya kuandika. Hili linahusu njia zote tatu, lakini anayebofya kwa mkono huyaona mabaki kwa macho. Anayeandika kwenye shiti asiyoiona hatayaona.

*Kasi.* Hakuna kurukaruka kwa skrini kati ya shiti na shiti, na Copy Destination haikulazimishi kubandika kwa hatua ya pili. Ukihitaji thamani tupu bila rangi wala fomula, huhitaji hata kunakili:

```
wsH.Range("A2:D" & mwisho).Value = wsM.Range("A2:D" & mwisho).Value
```

Kwa ripoti nyingi za ofisini hii inatosha. Inapolemea ni pale unapoipitia seli moja moja kwa mzunguko, ukisoma hapa na kuandika pale. Kila kusoma na kila kuandika ni safari kati ya VBA na shiti, na gharama iko kwenye safari.

*Kusoma na kurekebisha.* Kwa maoni yangu hapa inazishinda nyingine. Kila mstari unajieleza: ni shiti gani, seli zipi, zinafanywa nini. Jina la shiti limetajwa mara moja juu. Likibadilika, unarekebisha mahali pamoja. Na kama unahofia mtu atalibadilisha jina kwenye kichupo cha chini, itumie shiti kwa jina lake la ndani, CodeName, linaloonekana kwenye dirisha la Properties la mhariri wa VBA. Hilo halibadiliki kwa kubofya kichupo.

*Jasho la kuanza.* Lipo, ila si la kutisha. Kuna badiliko moja la mkono linalokufikisha mbali. Popote rekoda ilipoandika mistari miwili ya namna hii:

```
Range("D2:D300").Select
Selection.NumberFormat = "#,##0"
```

futa kuanzia .Select hadi Selection, mistari iungane, kisha itanguliziwe shiti yake:

```
wsM.Range("D2:D300").NumberFormat = "#,##0"
```

Chati ni hivyo hivyo. Rekoda itakupa AddChart2 ikifuatiwa na Select, halafu ActiveChart kila mahali. Badala yake shika chati kwenye kigeu (jina linaloshikilia kitu ndani ya msimbo, kama wsM) kwa Set pale inapoundwa, na uamuru kigeu hicho. Kigeu cha kuhesabu mistari kiwe Long. Integer ya VBA inaishia 32,767, na faili la miamala linaweza kuivuka.

*Inamfaa nani.* Yeyote ambaye makro yake itaendeshwa zaidi ya mara moja, hasa na mtu mwingine.

Njia ya tatu: beba, fanyia kazi, rudisha

Sasa mwenyekiti hataki orodha nzima. Anataka wanaodaiwa tu, na kiasi kilichobaki. Vigeu wsM, wsH na mwisho ni vile vile vya njia ya pili:

```
Dim data As Variant, matokeo() As Variant
Dim i As Long, n As Long
data = wsM.Range("A2:D" & mwisho).Value
ReDim matokeo(1 To UBound(data, 1), 1 To 2)
For i = 1 To UBound(data, 1)
    If data(i, 4) < data(i, 3) Then
        n = n + 1
        matokeo(n, 1) = data(i, 2)
        matokeo(n, 2) = data(i, 3) - data(i, 4)
    End If
Next i
If n > 0 Then wsH.Range("A2").Resize(n, 2).Value = matokeo
```

*Uimara.* Inarithi uimara wote wa njia ya pili, kwa sababu kuingia na kutoka ni kwa anwani kamili. Halafu inaongeza mitego yake. Eneo likiwa na seli moja tu, .Value haikupi arei, inakupa thamani moja, na UBound, inayosoma ukubwa wa arei, itakataa. Seli yenye #N/A itasimamisha ulinganisho kwa kosa namba 13. Ipime kwanza kwa IsError. Arei husoma pia mistari iliyochujwa na kufichwa na kichujio, wakati Copy ya eneo lililochujwa huchukua inayoonekana tu. Aliyezoea kuchuja kabla ya kunakili atashangaa.

Mtego unaotuuma zaidi huku kwetu ni wa sifuri. Namba ya simu iliyohifadhiwa kama maandishi, inayoanza na 07, ukiirudisha kwa .Value kwenye seli ya mtindo wa General, Excel inaigeuza kuwa namba na sifuri ya mbele inapotea. Namba za uanachama kama 00412 nazo hupatwa na hayo. Weka NumberFormat = "@" kwenye safu hiyo kabla ya kuandika. Tarehe zilizoandikwa kama maandishi ni mbaya zaidi: "03/04" ambayo kwetu ni tarehe 3 Aprili, VBA ikiiandika kwenye seli huweza kuichukua kwa mpangilio wa Marekani ikawa Machi 4, na hakuna kosa litakalotokea kukuonya. Ni busara kupeleka tarehe halisi kwa DateSerial. Ule mstari wa .Value = .Value wa njia ya pili nao una hatari hizi. Copy haina, kwa sababu inahamisha na mtindo wa seli.

Na fomula: ukisoma safu yenye fomula kwa .Value kisha ukairudisha pale pale, fomula zimekwenda, zimebaki namba tupu.

*Kasi.* Hapa hakuna ubishi. Safari ya kwenda shitini ni mbili tu, moja ya kusoma na moja ya kuandika, iwe mistari ni mia mbili au laki mbili. Kwa mistari mia mbili hutaihisi tofauti hiyo.

*Kusoma na kurekebisha.* data(i, 4) haimwambii msomaji kitu. Ukiingiza safu mpya katikati ya Michango, namba zote zinakuwa za uongo. Wanaojali huandika Const (jina la thamani isiyobadilika) juu, kwa mfano Const ALICHOLIPA = 4, na hapo msimbo unasomeka tena. Rangi, mipaka na upana wa safu havibebeki kwenye arei, kwa hiyo bado utahitaji njia ya pili pembeni.

*Jasho la kuanza.* Kubwa kuliko zote. Rekoda haiwezi kukuandikia hata mstari mmoja wa aina hii, na unapokwama, hakuna cha kuona kwenye skrini: inabidi ujue kutumia dirisha la Locals au Debug.Print, vya kuonyesha kilichomo kwenye vigeu.

*Inamfaa nani.* Mwenye data nyingi na hesabu au maamuzi ya kila mstari. Mwenye kazi ya kupamba ripoti haimhusu.

Kwa wasiotumia Excel

Kwenye LibreOffice Calc, rekoda huandika executeDispatch na .uno:GoToCell, ambayo ni Select kwa vazi jingine. Kutaja moja kwa moja ni getCellRangeByName, na arei ni getDataArray na setDataArray. Google Sheets nayo hurekodi activate(), na huko kuhamia getValues na setValues kunalipa mapema zaidi, kwa kuwa kuandika seli moja moja ndani ya mzunguko ni polepole na hati ya Apps Script ina ukomo wa muda wa kila mwendesho. Makro za VBA haziendeshwi kwenye Excel ya kivinjari wala ya simu, kwa njia yoyote kati ya hizi tatu. Kama wenzako wanafungua faili kwa simu, suala la Select halijafika kwako bado.

Kulingana na hali yako

Una makro ya rekoda, unaitumia peke yako, haijakukosea: iache. Ongeza tu ThisWorkbook.Activate na Sheets("Michango").Select juu kabisa, ili angalau ianzie faili na shiti sahihi.

Makro ile ile inakwenda kwa mhasibu mwingine au tawi jingine: ihamishe kwenye njia ya pili kabla hujaituma. Anza na mistari inayoandika au kufuta. Inayopaka rangi inaweza kusubiri.

Makro inachukua dakika nyingi: usikimbilie arei. Tazama kwanza kama kuna Select ndani ya mzunguko, kisha zima ScreenUpdating. Ikiwa bado ni nzito na ndani ya mzunguko kuna kusoma na kuandika seli moja moja, badilisha mzunguko huo pekee uwe wa arei, sehemu nyingine ziache kama zilivyo.

Unataka kugandisha vichwa vya safu kwa FreezePanes: hiyo ni mali ya dirisha, kwa hiyo shiti lazima iwe mbele. Activate hapo ni halali kabisa.

Unataka mtumiaji aishie kwenye seli fulani makro ikimaliza: tumia Application.Goto wsH.Range("A1"), mara moja, mwishoni. Kama Muhtasari umefichwa, ufichue kwanza.